Kahawa ya Bibi Greta

Akheri, Jumanne alasiri

Elisante mwanangu,

Ukikuta jani la sale limelala juu ya barua hii, usianze kucheka. Bibi yako mzaa mama alikuwa mtu wa Machame, na unajua kwao aliyekosa hukata jani hilo mpakani mwa shamba akampelekea aliyemkosea, na huyo akishalipokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nimelikata leo mchana nyuma ya banda la ng'ombe, wewe na baba yako mkiwa mmeteremka mjini kunyoa na kununua lile begi kubwa. Nimekukosea, baba. Tena si kosa la jana. Lina umri wa miaka kumi na mitatu, na wiki hii limeingia kwenye mizigo yako ya safari.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kutopoteza pasipoti. Hayo baba yako ameyasema mpaka kuku wanayajua. Nakuandikia kwa sababu ya ile pakiti ya kahawa.

Jumapili baada ya ibada nilikukuta jikoni unakaanga kahawa mwenyewe, moshi umejaa, macho yanakutoka machozi. Ukaitwanga kwenye kinu mpaka shati likalowa, ukaifunga kwenye mfuko wa kaki, ukaandika juu kwa kalamu nyekundu: Bibi Greta, Hamburg. Nikauliza, "Hii ya nani?" Ukaniangalia kana kwamba nimeuliza jua linachomoza upande gani.

"Mama, si yule bibi wa maua? Wiki ya kwanza tu namtafuta. Kama yupo hai nitamwambia, mimi ndiye mtoto wa yule mama wa Meru."

Nikasema, "Sawa, baba." Nikatoka nje nikajifanya naokota mayai. Kuku hawakuwa wametaga. Nilikaa kule bandani karibu nusu saa.

Elisante, Bibi Greta hayupo. Hakufa. Hakuwahi kuwepo.

Haya, limetoka. Sasa kaa nikusimulie Hamburg ya kweli, kwa sababu kesho kutwa utakuwa unatembea humo, na sitaki mtu mzima, muuguzi mwenye cheti chake, asimame barabarani anauliza kila bibi kizee mwenye ndoo ya maua kama anaitwa Greta.

Ulikuwa darasa la tano. Kikundi chetu cha wakulima kilialikwa kupeleka kahawa kwenye mkutano wa wanunuzi, na wakanichagua mimi kwa sababu mbili: Kiingereza changu cha kidato cha nne, na kwamba siogopi kusema mbele za watu. Hiyo ya pili waliniongezea tu. Usharika mzima uliniombea. Akina mama walinisindikiza mpaka barabarani wakiimba, mmoja akanivalisha koti lake zito, mwingine akaniletea asali ya kumpa mwenyeji wangu. Wewe ulibeba mkoba wangu kichwani, hukutaka mtu auguse.

Nilifika Jumapili jioni. Kijana mmoja mrefu alinipokea uwanjani, akanifikisha hotelini, akapanda na mimi mpaka chumbani, akachomeka kadi ukutani, taa zikawaka. Akasema mkutano ni Jumatano. Akasema, jisikie nyumbani. Akaondoka.

Mimi nikamwelewa kwa masikio ya Akheri. Kwetu mgeni akifika anakaa. Anakaa mpaka mwenyeji aje amkaribishe mezani, amtembeze shambani, amwonyeshe ng'ombe, na siku ya kuondoka amsindikize mpaka darajani. Mgeni anayejitembeza mwenyewe kwenye mji wa watu tunamwonaje? Tunasema huyu amekuja kupeleleza. Basi kabla ya kulala nikaichomoa ile kadi ukutani ili isipotee, nikaitia kifuani. Taa zikazima. Nikasema, kumbe na huku umeme unakatika! Nikalala.

Jumatatu niliamka alfajiri, nikaoga kwa kupapasa, nikavaa kitenge changu cha Pasaka na koti juu, nikaketi kitandani nimeuelekea mlango. Mkoba mapajani, asali miguuni. Nikasubiri mwenyeji. Saa mbili nikasikia harufu ya mkate na mayai kutoka chini. Sikwenda. Ningeendaje? Sikuitwa! Nikala ndizi zangu za kuchoma nilizobeba kutoka nyumbani. Saa sita ikapita, saa kumi ikapita. Giza likaingia nami nimekaa vilevile, koti mwilini, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati. Umeme haukurudi. Nikaomba, nikalala.

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kijitabu cha picha kilichokuwa mezani. Nilikisoma dirishani mpaka nikakijua kama katekisimu. Kulikuwa na picha ya handaki lililochimbwa chini ya mto, watu wanatembea ndani yake na juu yao zinapita meli. Na kulikuwa na picha ya bibi mmoja mwenye aproni ya bluu, ameshika maua ya njano, anacheka. Umeshaelewa, najua. Endelea kusoma.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshakasirika. Nikasema moyoni, hawa watu wametudharau, wamemwita mtu toka Meru waje wamfungie chumbani. Mlango ukagongwa. Nikaruka, nikaweka kitenge sawa, nikashika asali. Akaingia mama mnene mwenye ndoo na matambara. Hakuwa mwenyeji wangu, alikuwa amekuja kufanya usafi. Naye hakuwa mtu wa pale, Kiingereza chake kilikwaruza kama changu, sema kilikwaruza upande mwingine.

Akanitazama kwenye lile giza. "Unamsubiri nani?"

"Mwenyeji."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Akaniomba kadi. Nikaitoa kifuani. Akaichomeka ukutani, chumba kizima kikawaka, mpaka birika likaanza kunguruma. Mungu wangu! Yule mama alicheka akaegemea ukuta, akacheka mpaka na mimi nikacheka, kisha mimi nikageuka kulia bila hata kupanga. Akaweka ndoo chini. Akanishika mkono, hivi hivi, kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara, akaniteremsha mpaka chumba cha kulia. Chakula kilikuwa kimeshaondolewa. Akaingia jikoni kwao akatoka na mkate, mayai mawili na kikombe cha kahawa, akasimama pembeni mpaka nikamaliza. Kisha akanipeleka mlango mkubwa, akanyoosha kidole.

"Mto uko pale. Hapa hakuna atakayekuja kukuchukua, dada. Ukitaka kutoka, unatoka."

Akarudi kwenye kazi yake.

Nikatoka. Nilifika kwenye kona. Nikauona mto, maji ya kahawia kama ya Nduruma wakati wa masika, ila mpana, jamani, mpana! Ndege weupe wanapiga kelele kama watoto wa shule. Mwanamume mwenye suti anakula samaki na mkate amesimama, wala haoni aibu. Upepo ukaingia mpaka kwenye meno. Nilifurahi, Elisante, kwa muda kama wa kuimba ubeti mmoja. Halafu nikageuka nyuma, nikaona milango yote ya mtaa ule inafanana. Moyo ukanipasuka. Nikarudi mbio na koti la watu, nikaingia, nikapanda, nikajifungia. Sikutoka tena mpaka Jumatano walipokuja na gari. Mkutanoni nilisema vizuri, wakapiga makofi, kahawa yetu waliipenda, hilo ni kweli tupu. Alhamisi nikapanda ndege.

Hiyo ndiyo Hamburg yangu. Kona moja.

Sasa ukumbuke nilivyopokelewa. Nyumba imejaa, sufuria la machalari ya ndizi liko mekoni tangu asubuhi, mama mwenye koti amekaa mbele kabisa, na wewe uko sakafuni, magoti yako yamegusa miguu yangu. "Haya, Mama Elisante, tuambie!" Watu walioniombea kwa kufunga! Ningewaambia nini, kwamba nimekaa gizani siku mbili na ufunguo wa taa kifuani? Nilifungua mdomo niseme ukweli, haki ya Mungu, na likatoka handaki. Nikasema nimepita chini ya mto. Nikasema kuna baridi kama ya Juni huku kwetu. Ukaniuliza, "Mama, hukuogopa maji yatakuangukia?" Macho yako yalikuwa makubwa hivi. Nikasema maji yananguruma juu ya kichwa, lakini mama yako alitembea tu.

Bibi Greta alikuja baadaye kidogo. Nikasema alinipa ua la njano kwa kupenda kitenge changu, akaniambia ipo siku mtoto wangu atafika Hamburg. Hilo la mwisho nililitunga kwa sababu ulikuwa umeanza kupiga miayo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikatiza harusi nne na kipaimara chako, ikafika mpaka ubalozini. Ulipoulizwa kwa nini umechagua Hamburg ukawasimulia habari za bibi wa maua, ukarudi unaniambia yule afisa alitabasamu. Nilishika kichwa, ukadhani ni furaha.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Usiku ule wageni walipoondoka, baba yako alichukua viatu vyangu avifute, akavigeuza, akaangalia soli. Zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani. Akasema, "Mama Elisante, Hamburg wanatembea hewani?" Akaviweka chini ya kitanda, akazima taa. Hajaligusa tena jambo hilo mpaka leo, ila kila nikisimulia handaki anakohoa. Wewe ulikuwa unadhani ni kifua.

Kinachoniuma si handaki. Kinachoniuma ni yule mama wa ndoo. Mtu wa kweli kabisa alinishika mkono na kunilisha katika mji wa ugenini, na miaka kumi na mitatu sijamtaja kwa mtu hata mmoja, kwa sababu kumtaja kungenifichua. Nimemfuta, nikaweka picha ya kijitabu mahali pake. Na jina lake sikuuliza. Nilikuwa na haya, nikala mayai yake mawili nimeinamisha kichwa.

Lakini usisome ukadhani mama yako amekaa anahuzunika! Ile aibu ilinipa miguu. Miaka miwili baadaye waliponituma Kigali kwa siku tatu, nilimwambia baba yako, safari hii utazifuta soli mpaka uchoke. Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Nikaamka, nikachomoa kadi, nikatoka kabla mtu hajanikaribisha popote. Mji kimya, hakuna gari. Nikasema wamehama? Nikapanda kilima, nikawakuta: mtaa mzima, wanaume na wanawake, mafyekeo na majembe, wanasafisha mtaro. Kumbe ndiyo siku yao ya kufanya kazi ya pamoja. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi sikungoja ya tatu. Nilipokea fyekeo kwa msichana mmoja aliyeonekana kuchoka, nikafyeka kwa viatu vya mkutano. Walinicheka jinsi ninavyoinama. Tukaongea Kiswahili cha kuungaunga, nikajua majina ya watu sita kabla ya saa tano. Mkutanoni niliingia na matope mpaka kwenye kifundo cha mguu, na baba yako alipoviona vile viatu alivisimamisha sebuleni wiki nzima.

Na Addis Ababa je? Ile safari iliyoniacha natabasamu peke yangu mwezi mzima mkadhani nimelogwa? Dereva alituambia atatufuata saa mbili. Mzungu tuliyekuwa naye akalala akijua ni saa mbili ya kwao, yaani saa nane mchana. Mimi nikasema, mbona huyu anahesabu kama sisi? Nikasimama mlangoni saa mbili asubuhi, na gari hili hapa! Wanahesabu saa kuanzia macheo, kama mtu yeyote mwenye akili. Nilitaka kumkumbatia yule dereva. Siku tatu zile nilikaa kwa mama mmoja muuza kahawa wa kando ya barabara, majani mabichi yametandazwa chini, anakaanga, anatwanga, anamimina. Nikanywa kikombe kimoja, nikashukuru, nikainuka niende zangu. Akanivuta kitenge nikae. Vikombe ni vitatu, na ukiondoka kabla ya cha tatu umeacha baraka mezani. Mimi mkulima wa kahawa, niliyelelewa kwa chai ya maziwa, nilifundishwa kunywa kahawa na mtu ambaye hakujua hata mlima wangu unaitwaje. Anaitwa Almaz. Nilimuuliza.

Sasa unaona kwa nini siku tatu za mji zinanitosha kwa miaka mitatu. Sina habari za majengo. Watu huniuliza majengo, nami nayasahau kabla ndege haijatua KIA. Nakumbuka nani alinicheka, na nani alinivuta kitenge.

Sasa nikuambie jambo la mwisho baya, kisha tumalize. Tangu Jumapili nilikuwa nimepanga kuifungua ile pakiti ya kahawa, kuificha barua hii ndani, na kuishona upya. Ungeisoma kule, mbali, ukiwa na hasira zako, mimi nikiwa hapa na migomba yangu. Leo mchana nimeshafungua pakiti kabisa, sindano mkononi, nikajiona. Nikajiona nimekaa kitandani tena, koti mwilini, naangalia mlango. La! Nimeifunga kahawa peke yake. Barua nitaiweka kesho asubuhi chini ya kikombe chako, na jani juu yake. Uisome mbele yangu, kabla gari halijaja. Nitakuwa nimesimama jikoni nimekuelekea, sijageuka. Kama utanuna, nuna nikikuona. Kama utacheka, nicheke mimi, nastahili, na baba yako atakusaidia, amesubiri miaka kumi na mitatu.

Pakiti usiitoe begini. Jina nimelikata kwa kalamu, nafasi ipo wazi. Kahawa hiyo ina mwenyewe, sema simjui, labda ameshastaafu, labda amerudi kwao. Basi mpe atakayekuwa wa kwanza kukushika mkono kule. Atakuwepo, baba, yupo kila mji, mara nyingi amebeba ndoo. Ila usimpe kabla hujamuuliza jina. Uliandike hapo kwa ile kalamu yako nyekundu, upige picha unitumie, nimwombee kwa jina lake badala ya kuendelea kumwombea Greta. Ndiyo, nimemwombea Greta. Nilishamzoea.

Kisha siku ukipata nafasi, nenda kwenye lile handaki. Hilo lipo kweli, sikulitunga. Teremka, tembea mpaka katikati, usimame, usikilize vizuri. Halafu nipigie, na kama simu haishiki huko chini, panda juu ndiyo unipigie. Nimewaambia watu wa Akheri miaka yote hii kwamba maji yananguruma juu ya kichwa. Uniambie, mwanangu, ni kweli yananguruma?

Mama yako